Usiku Mmoja na Masaa Mawili

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2014, magari matatu yenye vumbi la barabara ya Karuzi yalisimama mbele ya nyumba ya Mzee Chabani mjini Muyinga. Wageni kutoka Gitega walianza kushuka, wazee kwanza. Uthmani alishuka wa mwisho, kama desturi ilivyotaka, na akainamisha kichwa, kama desturi ilivyotaka pia.

Hidaya alimwona kupitia upenyo wa pazia katika chumba cha mama yake. Moyo ulimwenda mbio, akaketi kitandani ili utulie. Kisha akasimama tena, kwa sababu akiwa ameketi hakumwona.

Hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Uthmani alikuwa ametua Bujumbura siku ya Alhamisi, lakini kwa kuwa siku ya posa ilikuwa imeshapangwa, wazee wa pande zote mbili walikataza wasikutane kabla yake. Kwa siku mbili Hidaya alijua kwamba mpenzi wake yuko katika nchi ile ile, chini ya jua lile lile, na siku hizo zilimlemea kuliko miaka iliyotangulia. Sasa alikuwa pale uani, hatua chache kutoka dirishani, amevaa kanzu nyeupe iliyokunjamana mgongoni kwa safari. Alikuwa amekonda kidogo. Ndevu zilimpendeza.

Hidaya alifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari ya Mushasha, Gitega. Uthmani alikuwa muuguzi. Walikutana siku alipokuja shuleni kuwachanja wanafunzi, na Hidaya, mwalimu wa darasa, akatakiwa achanjwe wa kwanza ili watoto wasiogope. Aliulizwa kama anaogopa sindano. Alijibu kwamba anaogopa asichokijua. Basi Uthmani akamwambia jina la chanjo, inafanya nini mwilini, na kwamba mkono utamuuma mpaka jioni. Wauguzi wengine wote aliowajua walikuwa wakisema haiumi. Mkono ulimuuma mpaka jioni, na ulipoacha kumuuma, Hidaya aligundua kwamba bado anamfikiria.

Mwaka uliofuata Uthmani alipata kazi katika hospitali ya Montréal, Kanada. Kutoka uwanja wa ndege wa Bujumbura mpaka uwanja wa Montréal, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita elfu kumi na moja. Hidaya alizipima mwenyewe kwa uzi juu ya tufe la shule, wanafunzi walipokuwa wamekwenda kula. Lakini si kilomita walizoishi nazo wapenzi hawa. Waliishi na masaa sita. Jua la adhuhuri likiwa juu ya Gitega, Montréal ndiyo kwanza kunapambazuka. Hidaya alimpigia simu wakati wa mapumziko ya mchana, akamwamsha, na kwa miaka miwili sauti aliyoijua zaidi duniani ilikuwa sauti ya mwanamume ambaye bado ana usingizi. Wakati wa baridi kule, saa za Montréal zilirudishwa nyuma na tofauti ikawa masaa saba. Hidaya alimpigia mapema vilevile, kisha akamwomba radhi, kisha siku iliyofuata akampigia mapema tena.

Kikwazo kilikuwa kimoja, na kila mtu uani alikijua.

Bi Amisa, mama yake Hidaya, mtaa mzima ulimwita Mama Mariamu. Mariamu alikuwa binti yake wa kwanza. Aliolewa Biharamulo, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, mwendo wa nusu siku, na huko, miaka minane iliyopita, alifia katika uzazi. Bi Amisa alifika siku ya pili yake na kukuta udongo wa kaburi umeshakauka. Tangu hapo aliweka sharti, na mumewe, Mzee Chabani, alilituma Gitega kabla ya posa kupokewa: Hidaya hataolewa mahali ambapo mama yake, akiitwa jioni, hawezi kufika kabla ya adhuhuri ya kesho yake.

Gitega walijibu kwamba jibu wanalo, na watalileta wenyewe.

Wageni walikaribishwa chini ya turubai. Wanaume waliketi kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Msemaji wa upande wa binti alikuwa Bahati, muuza nyama, jirani wa Mzee Chabani, mtu aliyejulikana mpaka sokoni kwa ulimi wake. Alisimama akawatazama wageni kana kwamba amewaokota barabarani.

Aliwauliza kama wamepotea njia. Aliwaambia kwamba kama wanatafuta ndagala, wale dagaa wa ziwani, soko liko chini, na kama wanatafuta pombe ya ndizi, wangesimama Bugendana kwa wakulima, kwa sababu nyumba hii haina ila Fanta. Watu walicheka. Msemaji wa Gitega, Mzee Kassimu, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Uthmani, aliinuka taratibu akiwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa safari nyingi, na alizungumza kama anayekunja kitambaa vizuri kabla ya kukikabidhi. Alisema kwamba hawakupotea. Walikuwa wamesikia harufu ya ua mpaka Gitega, na kijana wao tangu aisikie hali wala halali.

"Kweli amekonda," Bahati alisema akimtazama Uthmani. "Tulidhani ni njaa ya huko kwa Wazungu."

Masihara yaliendelea hivyo kwa muda. Uthmani hakuinua kichwa. Katika posa, kijana anayeposa ni kama mzigo: anabebwa, anawekwa, hasemi. Hidaya aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya goti na kuona jinsi vidole vilivyokuwa vinajikunja na kujikunjua.

Kisha Bahati akaacha kucheka, kwa maana swali lilikuwa limefika.

"Bon, haya. Mzee Kassimu, hapa kwa irembo, mlangoni pa nyumba, tunauliza mara moja, na neno la kwa irembo halirudishwi. Mtoto wetu akilia huko kwenu, mama yake atafika baada ya muda gani?"

Mzee Kassimu aliweka mkono kifuani. Alisema kwamba yeye si mtu wa kusikia habari kwa wengine. Alikwenda mwenyewe Bujumbura, katika ofisi ya tiketi, akaomba aonyeshwe saa za ndege, akazishika kichwani. Ndege inaruka Bujumbura saa mbili za usiku. Abiria wanakula, wanalala. Saa kumi na mbili asubuhi wako Bruseli, Ubelgiji.

"Wanakunywa chai pale," alisema. "Saa nne wanapanda ndege nyingine. Saa sita ya mchana wameshuka Montréal. Hesabuni wenyewe. Saa nne mpaka saa sita ni masaa mawili, sawa na kutoka hapa mpaka Gitega. Donc, kwa hiyo ni usiku mmoja wa kulala, chai, na masaa mawili. Mama Mariamu akiondoka jioni, adhuhuri ya kesho yake yeye iko na mtoto wake."

Kwenye mikeka ya wanawake mtu alianza kigelegele. Wengine wakakidaka. Bi Amisa, ambaye asubuhi nzima alikuwa ameketi kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, aligeuka kwa dada yake na kumuuliza kama amesikia: usiku mmoja, na masaa mawili. Uso wake ulifunguka. Hidaya hakuwa ameuona ukifunguka hivyo tangu Mariamu alipokuwa hai.

Nyuma ya pazia, Hidaya alifanya hesabu ambayo hakuihitaji. Alikuwa akiifundisha kila mwaka kwa kidato cha pili. Mzee Kassimu alikuwa ametoa saa ya Bruseli katika saa ya Montréal kana kwamba dunia nzima inaangalia saa moja ya ukutani. Ndege ile ya pili huruka masaa manane. Mzee hakudanganya. Alikuwa amesahau masaa sita, na masaa hayo yalikuwa yale yale ambayo yeye na Uthmani walikuwa wameyaishi kwa miaka miwili, simu sikioni.

Akinyamaza, Fatiha itasomwa kabla chai haijapoa. Mama yake atabaki na uso ule. Wiki ijayo atakuwa mke wa Uthmani. Na siku moja, pengine karibu, pengine mbali, mama yake atakaa katika ndege juu ya bahari na kuhesabu masaa mawili, kisha matatu, kisha manne, na kuelewa.

Alipoinua macho, Uthmani alikuwa ameinua kichwa. Hakupaswa kukiinua. Alikuwa anatazama dirisha, pazia, upenyo, kana kwamba tangu mwanzo alijua hasa mahali Hidaya aliposimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili macho yao yalikutana, na hapakuwa na nafasi ya kufurahia jambo hilo, kwa sababu macho yake yalikuwa yanauliza.

Hidaya alifahamu swali: aseme, au anyamaze? Alifahamu pia kwamba hatalijibu peke yake. Alifunga macho, akayafungua, akatikisa kichwa mara moja kuonyesha kukubali.

Uthmani alisimama.

Mzee Kassimu alimvuta kanzu, lakini alikuwa ameshachelewa. Minong'ono ilipita chini ya turubai. Bahati aliinua nyusi zote mbili.

"Gitega siku hizi kijana anajiposea mwenyewe?" aliuliza. "Mngetuambia, tungepunguza chai."

"Naomba msamaha kwa wazee wote," Uthmani alisema. Sauti yake haikuwa na usingizi. "Baba mkubwa amesoma saa za tiketi sawasawa. Hesabu ndiyo imepungua. Si masaa mawili. Ni manane."

Mzee Kassimu alisema kwa sauti ya chini kwamba aketi. Hakuketi. Alimgeukia Mzee Chabani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipitisha mchele na samaki wakavu mpakani.

"Baba, wewe ukivuka Kobero ukaingia Kabanga, upande wa Tanzania, saa yako inakuwaje?"

Mzee Chabani hakutaka kujibu, lakini swali lilikuwa la biashara yake. "Inabaki nyuma. Wao wako mbele saa moja."

"Umetembea saa nzima?"

"Natembea dakika chache. Saa ndiyo inaruka."

"Huko nako inaruka, ila kwa upande mwingine. Na ndege haivuki Kobero moja. Inavuka Kobero sita. Ndiyo maana mtu anaruka masaa manane, na saa ya ukutani inamwambia mawili. Kutoka Bujumbura mpaka Montréal ni masaa ishirini na mawili, pamoja na kungoja Bruseli. Mi nimetoka huko juzi. Toka hapa Muyinga mpaka Bujumbura mnajua wenyewe barabara."

Mzee Kassimu alikuwa anatazama saa yake ya mkononi kwa makini, kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

"Lakini adhuhuri ni adhuhuri," alisema hatimaye. "Akishuka, jua iko juu ya kichwa. Si ndivyo?"

"Ndivyo, baba mkubwa."

"Basi hapo sikukosea."

Wachache walicheka, kisha wakajizuia, kwa sababu Mzee Chabani alikuwa amesimama. Hakuwa na hasira. Alisema polepole kwamba anamshukuru kijana, na kwamba wageni wasiondoke bila kula, kwa maana chakula hakina kosa. Lakini sharti lilikuwa linajulikana, na sasa jibu lake limejulikana pia.

Watu wa Gitega walianza kutazamana. Mmoja alitafuta viatu vyake kwa mguu chini ya benchi. Nyuma ya pazia Hidaya alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Alikuwa amekubali jambo hili litokee, na angekubali tena.

"We kijana."

Sauti ilitoka kwenye mikeka. Bi Amisa alikuwa bado ameketi, mikono mapajani. Mama wa binti haongei katika posa. Bahati alifungua mdomo amkumbushe, akamtazama usoni, akaufunga.

"Ikitokea jambo huko," Bi Amisa alisema, "mi nitafika?"

Uthmani alimgeukia. Ilikuwa rahisi kusema Mungu akipenda. Nusu ya watu waliokuwa pale walishalisema mioyoni mwao kwa niaba yake.

"Hapana, mama," alijibu. "Siku hiyo hutafika. Kuna viza, na viza haitoki kwa siku moja. Na ndege ya Bruseli haitoki Bujumbura kila siku. Ikiwa umeshakuwa na viza, utafika siku ya pili au ya tatu. Ikiwa huna, sijui."

"Na utanipigia simu."

"Nitapiga."

"Utaniambia nini?"

"Nitakuambia kilichotokea. Kama anaumwa, nitasema anaumwa, na anaumwa nini. Kama ni jambo kubwa, nitasema ni kubwa. Sitasubiri asubuhi."

"Hata ikiwa ni kifo."

"Hata ikiwa ni kifo, mama. Saa ileile."

Bi Amisa aliposema tena hakuwa anasema na Uthmani peke yake.

"Biharamulo si mbali," alisema. "Ni nusu siku. Walinipigia alfajiri, wakasema Mariamu anaumwa kidogo, njoo umwone ukipata nafasi. Kidogo. Mi nikafua kwanza. Kesho yake ndiyo nikapanda gari. Ngara nikashuka nikachagua machungwa, ju ya alikuwa anapenda machungwa. Nilichagua moja moja. Wakati napigiwa ile simu alikuwa bado anapumua, baadaye waliniambia. Wangesema kweli, ningetoka na kanga niliyolala nayo. Ningefika."

Mzee Chabani alikuwa amemtazama mkewe kama mtu aliyeishi miaka minane katika nyumba ambayo chumba kimoja hakuwahi kukifungua. Alijua habari ya simu. Habari ya machungwa hakuijua.

"Mama Mariamu," alisema taratibu, "unasemaje?"

"Nasema nilipima mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa: nilipima umbali, na ugonjwa ulikuwa uongo. Huyu ningeweza kumsikia anadanganya leo, na ilikuwa inamfaa adanganye." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wakae."

Bahati alikohoa. Aliwatazama Mzee Kassimu, Mzee Chabani, kisha mikeka.

"Leo kila mtu ameongea isipokuwa wasemaji," alisema. "Mzee Kassimu, keti tule. Mimi na wewe hatuna kazi tena."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko utani ulivyostahili. Vigelegele vilirudi, safari hii kwa wanawake wa Gitega. Mzee Kassimu alimshika Uthmani shingoni kwa nyuma, akamtikisa, akamwambia kitu sikioni. Hidaya hakukisikia. Aliona tu Uthmani akicheka, na alikuwa amesahau kwamba anapocheka huanza kwa mabega.

Mzee Chabani alimtaka imamu wa mtaa asome. Viganja vilifunguliwa chini ya turubai. Fatiha ilisomwa saa sita kasoro dakika tano, na tarehe ya ndoa ikatajwa kuwa Ijumaa inayofuata, tarehe 15.

Kabla ya chakula Bi Amisa alimwita Uthmani aje aketi ukingoni mwa mkeka wake. Alimtaka amtajie safari upya, kipande kwa kipande, asirukishe. Uthmani akamtajia: barabara mpaka Bujumbura, ndege ya kwanza, masaa kumi, pamoja na kutua Kigali kuchukua abiria, kungoja masaa manne, ndege ya pili, masaa manane, na bahari chini karibu njia yote.

"Bahari yote hiyo," Bi Amisa alisema. "Na mtu analala?"

"Mi silali. Nakaa dirishani."

"Huoni kitu."

"Naona mawingu. Nahesabu yamebaki masaa mangapi nimpigie simu."

Bi Amisa alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza siku ile Uthmani aliona haya, akatazama chini bila kulazimishwa na desturi. Bi Amisa aliirudia safari kwa sauti, kutoka mlango wake mpaka Montréal. Mara ya kwanza aliiruka Kigali. Mara ya pili hakukosea.

Kisha akageuka upande wa dirisha na kumwita binti yake kwa jina.

Pazia lilisogea. Hidaya akatoka.